Bomba Likiziba Uwandani Makonde, Fungua Chemba Kwanza

Maji yanayotoka kwenye koki ya nyumba ya Newala yamepanda mlima. Pampu zimeyavuta kutoka visima vya Mitema, chini kwenye bonde la Kitangari, zikayasukuma mamia ya mita kwenda juu hadi kwenye matangi ya uwanda wa Makonde, kisha yakateremka mpaka mjini. Umeme ukikatika au pampu ikiharibika, watu wanarudi kwenye madumu, maboza na visima vya saruji vya maji ya mvua ambavyo kaya nyingi zimejijengea uani.

Kwa hiyo ushauri wa kuzibua sinki unaotolewa kwa watu wa miji yenye maji mchana na usiku haufai sana huku. Mtu anaambiwa afungulie koki kwa nguvu, amwage maji ya moto, asubiri, amwage tena. Mama mwenye ndoo tatu za maji mpaka kesho kutwa hawezi kumwaga mbili kwenye tundu la sinki ili kuona kama uchafu utashuka. Na hata akizimwaga, mara nyingi uchafu haushuki.

Ninaandika makala haya kwa sababu nyumba za matofali zenye vyoo vya ndani, sinki la jikoni na bafu la vigae zimeongezeka haraka Masasi na Newala, na pamoja nazo yameongezeka malalamiko ya mabomba kuziba. Wenye nyumba wanatoa fedha mwaka baada ya mwaka kwa tatizo lile lile. Naamini sehemu kubwa ya fedha hiyo inakwenda mahali pasipostahili: kwenye chupa za dawa kali na kwenye kupasua sakafu, wakati ingeweza kutumika mara moja kwenye mteremko wa bomba, chemba na wavu.

Tuanze na chanzo. Watu wengi hudhani bomba la majitaka huziba kwa sababu limezidiwa na maji. Kwenye uwanda wa Makonde mambo yako kinyume: bomba huziba kwa sababu maji yanayopita ni machache mno. Bomba la choo la inchi 4 limekusudiwa kupokea maji mengi kwa mkupuo, yanayobeba kinyesi na karatasi hadi shimoni. Mtu akimwaga kopo moja la maji baada ya haja, uchafu unasogea mita mbili tatu, maji yanaupita, wenyewe unabaki umelala. Kesho mwingine unakuja kulala juu yake. Baada ya wiki kadhaa kuna tuta ndani ya bomba, na baada ya miezi tuta hilo limekuwa ukuta.

Upande wa jikoni kuna wakosaji wengine, nao ni wa huku huku. Wa kwanza ni mchanga. Udongo wa uwanda huu ni mwekundu na wa kichanga. Unaingia ndani kwa miguu, kwa nguo za shambani na kwa viazi na mihogo isiyooshwa nje. Sufuria zikisuguliwa kwa mchanga au majivu, navyo vinakwenda na maji. Mchanga hauozi, hauyeyuki na hakuna dawa ya dukani inayoula. Ukishakaa chini ya bomba, unabaki hapo mpaka mtu autoe.

Wa pili ni wanga. Maji yaliyolowekewa makopa, maji ya kuoshea mwiko na sufuria ya ugali wa muhogo, yote yana wanga unaotuama na kushikamana kama gundi, na mchanga unapata pa kunasa. Wa tatu ni mafuta ya kupikia. Yanaingia sinki yakiwa ya moto na mepesi, yanapoa ndani ya bomba na kuganda. Yakikutana na chumvi za madini zilizomo katika maji magumu hugeuka kitu kigumu mfano wa sabuni. London waliliona hilo kwa kiwango cha kutisha mwaka 2017, pale bonge la mafuta yaliyochanganyika na vitambaa lilipogunduliwa katika mfereji wa majitaka wa mtaa wa Whitechapel: urefu wake ulikuwa kiasi cha mita 250 na uzito wake tani 130, na iliwachukua wafanyakazi wiki kadhaa kulikata na kulitoa. Jiji tajiri lenye mto na mvua ya mwaka mzima lilizibwa na mafuta ya jikoni. Nyumba inayooga kwa ndoo itazibwa kwa kidogo zaidi.

Bafuni kuna nywele za rasta, vipande vya sabuni ya mche, na chooni watu wanatupa pedi, pampasi na hata chupa za plastiki. Na nje, chini ya ardhi, kuna mizizi. Mkorosho na mwembe hupeleka mizizi mbali kutafuta unyevu, na katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, hakuna unyevu wa uhakika uani kuliko maungio ya bomba la majitaka yanayovuja. Mzizi mwembamba unaingia kwenye ufa, ndani unastawi na kufumua nyuzi zinazonasa kila kitu.

Babu na bibi zetu hawakuwa na tatizo hili, na sababu yake inafaa kukumbukwa. Masimulizi ya Wamakonde yanasema wahenga wao walikatazwa kuishi mabondeni karibu na maji makubwa, kwa kuwa huko kuna maradhi na kifo, wakaamriwa wajenge juu. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyepita Masasi na kukaa Newala mwaka 1906, aliyaandika masimulizi hayo, pamoja na safari ndefu ya watu waliotelemka genge kufuata maji na kupanda nayo tena. Maji yaliyopatikana kwa taabu ile yalitumika yote: yaliyooshea chakula yalioshea miguu, na mabaki yalimwagwa nje ya nyumba, mchanga ukayanywa. Hapakuwa na bomba la kuziba.

Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 1950 ulipoanzishwa mradi wa Maji Makonde, mmoja wa miradi mikongwe ya maji ya bomba vijijini nchini, na baadaye, kuanzia miaka ya 1970, Finland ikasaidia kwa muda mrefu kazi za maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Masasi kwa upande wake inapata maji kutoka chanzo cha Mbwinji kupitia mamlaka inayojulikana kwa jina la MANAWASA, inayohudumia pia Nachingwea. Juhudi kubwa ilikuwa kuleta maji safi. Yakishatumika, kazi ya kuyaondoa aliachiwa mwenye nyumba.

Naye ameachiwa yote. Masasi na Newala hazina mtandao wa mabomba ya majitaka wa mji kama ule wa sehemu za Dar es Salaam, Moshi au Tanga. Kila nyumba ina mfumo wake: bomba kutoka sinki na choo, chemba moja au mbili kama fundi alikumbuka, shimo la septiki, na shimo la kufyonza maji. Hakuna sehemu ya mfumo huo ambayo ni ya halmashauri. Kuanzia tundu la sinki hadi tone la mwisho linaloingia ardhini, ni mali yako na gharama yako. Mwenye nyumba asiyejua bomba lake linapita wapi anamlipa fundi alitafute kwa sururu.

Sasa bomba limeziba. Kabla ya kumwita mtu yeyote, kabla ya kununua chochote, tafuta tatizo liko wapi. Kazi hii haina gharama. Kama ni sinki la jikoni peke yake linalogoma na choo kinakwenda vizuri, kizuizi kiko karibu na sinki hilo. Kama vyombo vyote vinagoma pamoja, au ukimwaga maji chooni yanatokea kwenye tundu la bafu, kizuizi kiko mbele, kwenye bomba kuu au shimoni.

Hapo nenda nje ukafungue chemba, ukianza na iliyo karibu zaidi na nyumba. Ukiikuta kavu, maji hayajafika: kizuizi kiko kati yake na nyumba. Ukiikuta imejaa, nenda ya pili. Ikiwa ya kwanza imejaa na ya pili ni kavu, umeshajua kizuizi kiko kati ya hizo mbili, na fundi hana haja ya kugusa kigae hata kimoja. Chemba zote zikiwa zimejaa hadi ya mwisho, bomba lako ni zima. Kilichojaa ni shimo. Nimeona watu wakilipia kuzibuliwa bomba lisilo na kosa, wakati shimo ndilo lililokataa kupokea. Dakika kumi za kufungua mifuniko zingewaokoa.

Sinki la jikoni lina dawa ya bure. Chini yake kuna kiwiko cha plastiki chenye umbo la herufi U, ambacho mafundi huita trapu. Kazi yake ni kubakiza maji kidogo yanayozuia harufu ya shimo isiingie ndani. Fikra hiyo ni ya mtengeneza saa wa Scotland, Alexander Cumming, aliyeisajili mwaka 1775. Maji yanapobaki, na mchanga hubaki. Weka ndoo chini, legeza kwa mkono zile nati mbili za plastiki, toa kiwiko, kioshe kwa kijiti na maji kidogo nje ya nyumba, angalia kama mpira wa nati uko mzima, kirudishe. Sehemu kubwa ya masinki ya jikoni yanayogoma huku huponea hapo. Kijana wa darasa la saba anaweza kuifanya akionyeshwa mara moja. Na tafadhali usimwage uchafu wake kwenye lile lile sinki.

Kama kiwiko ni kisafi na maji bado hayaendi, chukua mpira wa kuzibulia wenye mpini wa mti. Bei yake dukani ni elfu chache tu, na unadumu miaka. Wengi hushindwa nao kwa sababu wanasukuma hewa. Lazima maji yafunike mdomo wa mpira, kwa hiyo acha yale yaliyotuama, hata kama yananuka. Ziba kwa kitambaa kilicholowa tundu la juu la sinki na matundu mengine yaliyounganishwa na bomba hilo, la sivyo nguvu yote inatokea huko. Kisha sukuma taratibu na vuta kwa nguvu. Kuvuta ndiko kunakobomoa tuta. Kusukuma peke yake kunaweza kulishindilia.

Kizuizi kikiwa mbali zaidi, zamu ni ya waya wa springi au fito za kuunganisha. Katika mitaa mingi watu hutumia mwanzi uliopasuliwa, na mwanzi unafaa mahali paliponyooka, lakini ukifika kwenye kona unaweza kuvunjikia ndani, na hapo umeongeza kizuizi cha pili kigumu kuliko cha kwanza. Nondo nyembamba nayo hutoboa bomba la plastiki kwenye kona bila mtu kujua, na nyumba inaanza kuvuja chini ya msingi. Waya wa springi unapinda na kona. Fito za kuunganisha zizungushwe kulia siku zote, maana ukizizungusha kushoto zinafunguka na moja inabaki humo. Ingizia kwenye chemba ya chini ukielekea nyumbani inapowezekana, ili uchafu ushuke kuja kwako uutoe kwa koleo. Kuusukumia shimoni mchanga wote ni kulijaza shimo kabla ya wakati.

Mashine ya kuzungusha waya kwa mota, ambayo mafundi wa miji mikubwa wanayo, ina historia inayowafaa mafundi wetu. Aliyeibuni ni Samuel Blanc wa jimbo la Iowa, Marekani, katika miaka ya 1930. Alitumia mota ya mashine ya kufulia, vigurudumu vya viatu vya kuteleza na waya wa chuma, akakata mizizi ndani ya bomba la majitaka bila kuchimba. Vitu hivyo, au mfano wake, vipo kwenye karakana za Masasi. Fundi anayechomelea mageti na kufunga mota za mashine za kusaga hashindwi kuunda waya wenye kichwa cha kukatia, na wateja wapo.

Fundi bomba akija, gharama yake kwa kazi ya kawaida inahesabika kwa makumi ya maelfu ya shilingi, na inapanda kwa mambo matatu: umbali wa kizuizi, kama chemba inafikika, na kama kuna kuvunja. Hilo la tatu ndilo linaloumiza. Wako waliofunika chemba kwa vigae vya baraza au kwa zege la kuegeshea gari kwa sababu mfuniko uliharibu sura ya uwanja. Siku bomba likiziba, wanalipa kuvunja, kuzibua, kununua vigae vipya ambavyo rangi yake haifanani na vya zamani, na kujenga upya. Kazi ya elfu thelathini au arobaini inafika laki kadhaa kwa sababu ya mfuniko uliofichwa. Patana na fundi kwa kazi nzima, maji yaende hadi shimoni mbele ya macho yako, na mwombe akuonyeshe alichokitoa. Akitoa mzizi, ujue utarudi. Akitoa mchanga, ujue tatizo liko jikoni kwako.

Baada ya kuzibua, maji yanahitajika kidogo kusafisha mabaki, na hapa namna ya kuyamwaga ina uzito kuliko wingi wake. Ndoo ya lita 20 iliyomwagwa kwa mkupuo mmoja inabeba uchafu kuliko lita 60 zilizochuruzika kwa koki siku nzima. Wala yasiwe maji safi. Yale ya kusuuzia nguo, badala ya kuyamwaga uani, yawekwe kwenye pipa lenye mfuniko karibu na choo, na kila wiki mtu amwage ndoo moja kwa kishindo chooni na moja kwenye sinki, baada ya kuyachuja kwa kitambaa. Kwa nyumba yenye shida ya maji, hakuna kinga ya bei nafuu kuliko hiyo. Maji ya moto yanasaidia kwa mafuta yaliyoganda, lakini yasiwe yanayochemka. Mabomba ya plastiki tunayouziwa hayakutengenezwa kwa maji ya kuchemka. Joto linayalegeza, yanapinda, na bomba lililopinda linakuwa na bonde ambalo uchafu utatuama milele.

Nifike kwenye dawa, maana hapa watu wanaumia. Kostiki soda inapatikana kirahisi kwa sababu watengeneza sabuni wanaitumia. Inaweza kweli kuyeyusha mafuta na nywele. Lakini haigusi mchanga, haigusi plastiki, haigusi mzizi mnene, na mchanga ndio mkosaji mkubwa wa uwanda huu. Unanunua kitu cha hatari kisichoweza kutibu ugonjwa ulio nao. Kisipofungua, kinabaki ndani ya bomba, na fundi atakayekuja kesho ataingiza mkono kwenye maji yanayounguza bila kujua. Ukishamwaga, mwambie fundi kabla hajagusa chochote.

Kostiki ikikutana na maji hutoa joto kali. Anayelazimika kuitumia anaitia kidogo kidogo kwenye maji ya baridi, ndani ya ndoo ya plastiki, akiwa amevaa glavu na miwani. Kamwe hamwagi maji juu ya kostiki, kwa sababu inaweza kuruka usoni. Sufuria ya alumini isitumike kabisa: inaliwa na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Na jambo baya kuliko yote ni kuiweka kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto anakunywa akidhani ni maji, koo lake linaungua na kuziba kwa makovu, na anaishi miaka akitibiwa ili aweze kumeza uji. Hakuna sinki lenye thamani hiyo.

Maji makali ya betri, ambayo wengine huyamwaga chooni, yanakula saruji ya chemba na shimo na kutoa mvuke unaochoma mapafu. Jiki ikichanganywa na asidi, iwe ya betri au ya kusafishia choo, hutoa gesi ya klorini, ile iliyotumika kuua askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Bafu dogo lisilo na dirisha ni mahali pabaya pa kuipumua. Isitoshe, septiki inafanya kazi kwa vijidudu vinavyoozesha kinyesi. Ukimwaga dawa kali kila mwezi unawaua wafanyakazi wako, shimo linajaa haraka, na gharama ya kulinyonya inakuja mapema. Magadi na siki, ambayo wengi wanaambiwa wachanganye, hayana madhara, lakini povu lile ni gesi tu na kinachobaki ni maji ya chumvi. Hayabomoi tuta la mchanga na wanga.

Shimo likiwa ndilo limejaa, Masasi na Newala zinaachana njia. Newala imekaa juu ya mchanga mzito unaofyonza maji vizuri. Ndiyo maana mvua yake haibaki juu na watu wanakosa visima vifupi. Shimo la kufyonza lililochimbwa vizuri huko linaweza kudumu miaka mingi, mradi septiki ibakize uchafu na mafuta yasifike. Masasi iko chini ya uwanda, katikati ya vilima vya mawe kama Mkomaindo na Mtandi. Ukichimba karibu na vilima hivyo unakutana na mwamba, na shimo lililokaa juu ya mwamba halifyonzi. Wakati wa masika ardhi inashiba, maji ya shimo yanakosa pa kwenda, yanarudi ndani ya nyumba. Mwenye nyumba wa aina hiyo asitoe fedha kuzibua bomba. Anahitaji mitaro mirefu yenye kina kifupi, iliyojazwa kokoto, inayotawanya maji kwenye udongo wa juu, na anahitaji kuzuia maji ya paa yasiingie shimoni. Kuunganisha mfereji wa bati na bomba la choo ni kosa kila mahali. Kwenye nchi ya shida ya maji ni kutupa mali.

Kunyonya shimo kwa gari kunagharimu laki na zaidi kwa safari, na umbali ndio unaoamua. Barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Newala ni kilomita 210, na gari likilazimika kutoka mbali unalipia mafuta ya kwenda na kurudi. Hivyo majirani watatu wanne wakiita gari siku moja wanaokoa fedha nyingi. Kabla halijafika, jua ujazo wa shimo lako na uulize gari linabeba lita ngapi, usije ukalipia safari mbili ukidhani ni moja. Uliza pia mzigo unakwenda kumwagwa wapi. Anayemwaga korongoni anakurudishia uchafu kwa njia ya maji ya watu wa bondeni. Kutapisha choo wakati wa mvua, yaani kutoboa shimo ili uchafu uende na mafuriko, ni kosa na ni dhuluma kwa jirani. Wala mtu asishushwe shimoni kwa kamba kuchota kwa ndoo. Gesi za humo huua kwa dakika chache, na mara nyingi huua pia yule anayeruka kumwokoa.

Kuna jambo la afya ambalo watu wa Kusini hatuna ruhusa ya kulisahau. Mbu aina ya Culex, wanaozaliana kwenye maji machafu yaliyotuama, katika mashimo ya vyoo na chemba zilizofurika, ni miongoni mwa mbu wanaoeneza minyoo ya matende na mabusha, maradhi ambayo pwani yetu yote imeyabeba kwa vizazi. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga punje nyepesi za plastiki nyeupe, kama zile za kufungashia redio, juu ya maji ya mashimo ya vyoo. Zilielea zikafunika uso wa maji, mbu wakakosa pa kutagia, wakapungua sana, na pamoja na dawa waliyopewa wananchi maambukizi yakashuka. Mwenye nyumba wa Masasi anaweza kupata sehemu ya faida hiyo kwa kuziba nyufa za mfuniko wa shimo kwa saruji na kufunga wavu wa mbu juu ya bomba la hewa.

Kwa anayejenga sasa, nina maneno machache. Fedha ya korosho inakuja kwa mkupuo, minada ya vyama vya ushirika vya TANECU na MAMCU ikianza Oktoba, na nyumba nyingi zinapanda msingi mpaka bati ndani ya msimu mmoja. Watu wanachagua vigae, madirisha na geti kwa makini. Bomba la majitaka linaachwa kwa kibarua wa mwisho siku ya mwisho. Simama mwenyewe siku hiyo. Bomba la inchi 4 literemke sentimita 2.5 kwa kila mita, yaani sentimita 25 kwa mita 10, na mpimie fundi kwa kamba na mpira wa maji, usikubali macho. Kona ya nyuzi 90 ifanywe kwa viungo viwili vya 45. Kila kona iwe na chemba, na penye kunyooka iwepo moja kila mita 10 hivi. Shimo la kufyonza liwe mbali na kisima cha maji ya mvua. Mita 30 ndicho kipimo kinachotumiwa sana kwa visima vya kunywa. Jikoni kujengwe kisanduku kidogo cha kunasa mafuta na mchanga kabla maji hayajaingia bomba kuu, kiwe na mfuniko unaoinuka kwa mkono mmoja, na kichotwe kila mwezi. Kila sinki liwe na wavu. Piga picha ya mtaro kabla haujafukiwa na uihifadhi kwenye simu zaidi ya moja. Nyongeza yote hii ni sehemu ndogo sana ya fedha iliyokwenda kwenye vigae.

Aliyekwisha kujenga bila chemba hajachelewa. Kukata bomba mahali pamoja, nje ya ukuta wa jikoni na choo, na kujenga chemba ya matofali yenye mfuniko wa zege, ni kazi ya siku moja au mbili. Kwa nyumba inayoziba mara mbili kwa mwaka, gharama hiyo inarudi upesi.

Mvua za Kusini huanza Novemba au Desemba. Ndugu mwenye nyumba, Oktoba hii, kabla hujanunua chupa yoyote ya dawa ya kuzibulia, inua mifuniko ya chemba zako zote, toa mchanga kwa koleo, na waonyeshe vijana wa nyumbani bomba lenu linapita wapi.